Mita Waliyogawana Ndugu

Stima ya Migori ilikuwa na tabia yake miaka ile. Ikikatika, ilikatika kimya. Ikirudi, ilirudi kwa kishindo, balbu zikawaka nyeupe kupita kiasi kisha zikatulia. Mjomba alikuwa amenifundisha kuchomoa kila kitu ukutani mara tu stima inapopotea. Lakini Jumamosi moja ya soko wateja walikuwa wengi mezani, sote tukasahau, na stima iliporudi tulisikia mlio mdogo ndani ya mita ya mjomba ya kupimia redio, kama ukucha uliogonga kioo. Nasema tulisikia. Aliyesikia ni mimi.

Mjomba, ndugu ya mama yangu, alikuwa fundi wa redio. Meza yetu ilikuwa kwenye baraza ya duka la nguo karibu na soko, na kivuli cha baraza hiyo tuligawana na fundi cherehani aliyekuwa na maneno mengi kuliko uzi wake. Nilikuja kwa mjomba nilipomaliza darasa la nane. Mama aliona kwamba kazi ya kuinama juu ya redio itamfaa msichana asiyependa kutazamwa, na hakukosea. Redio haikuulizi ni binti wa nani, wala kwa nini hujibu. Nilijifunza kuchomelea kwa risasi, nikajifunza rangi za vipande vidogo na maana yake, na siku zikapita bila mimi kulazimika kusema maneno mengi. Mjomba alisema yote. Alisema sana, kwa sauti kubwa, na aliwauliza wateja maswali ambayo mtu anaweza kuyajibu kwa kutikisa kichwa.

Mita yake ilikuwa sanduku la bati la rangi ya majivu, kubwa kama mkoba wa shule, lenye kioo mbele na sindano ndefu nyembamba nyuma ya kioo. Haikufanana na mita ndogo za plastiki ambazo mafundi vijana walitembea nazo mfukoni. Ndani yake mlikuwa na vali mbili, zile chupa ndogo za kioo zilizotumika kwenye redio za zamani kabla ya transista, ambazo huchukua muda kuamka na kisha kuwaka wekundu kama kaa linalopulizwa. Mjomba aliipata ujanani, alipofanya kazi ya umeme kwenye mgodi wa shaba upande wa ziwa. Mgodi ulipofungwa vitu vya karakana viliuzwa, na mita za aina hiyo zilikuwa mbili, zimefanana kama mayai. Moja aliichukua yeye, nyingine akaichukua rafiki yake wa mgodini, mtu wa Magunga.

Tuliitumia zaidi kwa redio zilizopoteza nguvu ya kushika stesheni. Ndani ya redio kuna skrubu ndogo ambazo fundi huzizungusha kidogo kidogo mpaka sauti ifike kilele. Mafundi wengine huzungusha wakisikiliza. Mjomba alifunga nyaya za mita kwenye spika, akazungusha akitazama sindano. Ikipanda, sauti imepanda. Ikianza kushuka, umepita, rudi. Wateja waliona huo ni utaalamu mkubwa. Mimi nilikaa naye karibu mwaka mzima kabla ya kuelewa kwamba hakuwa na njia nyingine.

Hakuna aliyeniambia. Niliona tu mambo. Kiti chake kilielekea barabarani daima, ili kila anayekuja aje mbele yake. Alitazama midomo ya watu, si macho. Mtu akimwita kutoka nyuma hakugeuka, na yule aliyeita akaondoka akisema fundi huyu anaringa. Mjomba aliliacha jina hilo la kuringa limkae. Fundi cherehani naye alikuwa na mzaha wake wa kila asubuhi.

"Fundi, punguza hiyo redio! Hata walio makaburini wameamka wanatafuta viatu!"

Watu wakacheka, na mjomba akiwaona wanacheka alicheka pia, akiendelea na kazi. Hakupunguza.

Kwa hiyo mita ilipozimika nilijua kilichozimika. Ni nani angempelekea redio fundi asiyesikia? Kwa watu wetu redio si ya muziki tu. Jioni inaposoma matangazo ya vifo, nyumba nzima inanyamaza, kwa sababu ndiyo inayokwambia kama ndugu yako wa mbali bado yuko. Watu hawawezi kumwachia kitu kama hicho mtu wanayemwonea mashaka.

Tuliifungua jioni ile ile. Vali moja iliwaka, ile kubwa haikuwaka. Mjomba aliichomoa kwa vidole viwili, akaitikisa karibu na sikio lake kwa mazoea, kisha akanipa mimi.

"Inasema nini?"

"Kuna kitu kinacheza ndani."

"Imekufa," akasema. "Sawa. Tutatafuta nyingine. Soma namba yake."

Niliizungusha kwenye mwanga. Kioo kilikuwa safi kama maji. Namba ya vali huandikwa juu ya kioo kwa rangi nyepesi, na mjomba alikuwa na desturi yake. Kila Ijumaa alifungua sanduku na kuzipangusa vali zote mbili kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, taratibu, kama mtu anayemnawisha mtoto uso. Alikuwa ameifuta namba kwa kuitunza.

"Hukuishika kichwani?" nikamwuliza, nikiwa nimesimama mbele yake ili anione.

"Niliiona kila Ijumaa. Kitu unachokiona kila wiki unakishika kichwani cha nini?"

Tukabaki na vali isiyo na jina, yenye miguu tisa myembamba kama sindano za kushonea. Mtu akituuliza tunatafuta nini, tungeweza tu kumwonyesha.

Katika siku zile mjomba alinifanya mita. Alizungusha skrubu, akanitupia jicho, akasema kama mtu anayetaka tu maoni, "Hapo vipi?" Nami nikatikisa kichwa au nikainua kidole. Ilienda kidogo, kisha watu wakaanza kuona kwamba fundi anamwuliza msichana. Kisha akaja mwalimu mmoja na redio ya shule. Alisimama pembeni na kusema swichi ya sauti inakwaruza. Mjomba akamjibu kwa kirefu kuhusu eriali. Mwalimu alimtazama, akanitazama mimi, akaikumbatia redio yake.

"Wacha nitarudi," akasema.

Hakurudi. Nilimwona wiki hiyo kwa fundi kijana aliyefungua meza karibu na stendi. Mjomba naye alianza kuwaambia wateja kwamba kazi ni nyingi, waje mwezi ujao. Kazi hazikuwa nyingi.

Kwanza nilikwenda kwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu aliyetoka pwani, mwenye duka la vifaa vya umeme. Alikuwa na kila kitu kipya kutoka Nairobi, kimepangwa kwenye visanduku. Niliiweka vali juu ya kaunta bila kusema kitu. Aliiinua kwa heshima.

"Mashallah. Binti, hii umeitoa wapi? Hizi tulizizika pamoja na babu yangu."

"Nataka kama hii," nikasema.

"Sema kwa sauti, sikuuzii siri."

"Nataka kama hii."

"Hata mimi naitaka, niiweke hapa watu waje kutazama." Akacheka, lakini alitoka nyuma ya kaunta akanionyesha njia ya kufika Kehancha, kwa mkulima mmoja wa tumbaku aliyekuwa na redio ya kabati, ya kupigia santuri, imelala ghalani tangu enzi za baba yake.

Nilikwenda Kehancha. Mkulima huyo Mkuria alikuwa mkarimu, akaondoa majani ya tumbaku juu ya kabati, akafukuza kuku, akanifungulia. Vali zilikuwamo, nne, nzima. Zilikuwa na miguu minane minene. Zetu zilikuwa na tisa myembamba. Alitaka nichukue hata hivyo, kwa kuwa nimetoka mbali, na nikashindwa kukataa, kwa hiyo nilirudi Migori na vali isiyoweza kuingia popote. Mjomba aliiweka dirishani.

Ndipo akasema, "Kuna ile ya rafiki yangu. Hajawahi kukipangusa kitu chake yule, namba itakuwepo. Nenda Magunga. Mwambie nimekutuma. Hata kama hana vali ya ziada, akusomee namba tu."

Sikumwuliza kwa nini haendi mwenyewe. Safarini watu huongea kutoka pande zote.

Boma la rafiki yake lilikuwa nje kidogo ya Magunga, upande unaotazama vilima vya Ruma. Niliuliza njia mara nyingi kuliko nilivyowahi kuuliza kitu maishani. Nilipofika nilimkuta mwanamke mzee akipepeta mtama, na mwanamume mzima, ambaye baadaye nilijua ni mwanawe mkubwa, akitia mpini kwenye jembe. Walinipa kiti na maji. Nilikuwa nimerudia maneno yangu njia nzima, nikayasema yote kwa pumzi moja kabla hayajanikimbia. Tuliongea Dholuo, lugha yetu Wajaluo.

"Natoka Migori, kwa mjomba wangu, fundi wa redio, walifanya kazi mgodini na mzee wa hapa. Ananituma nimsalimie mzee, na kuna kitu cha kumwuliza."

Ungo ukasimama. Mwanamume akaweka jembe chini.

"Unamsalimia nani?" akauliza.

"Mzee."

Akaelekeza kidevu nyuma yangu. Nilikuwa nimelipita kaburi lile la saruji nikiingia, lakini kila boma lina makaburi na sikulitilia maanani.

"Mwaka wa pili sasa," akasema. "Tulimtangaza redioni, jioni mfululizo. Watu walikuja kutoka Kisumu. Walikuja kutoka Tanzania. Walikuja wale wa mgodini waliobaki, wengine kwa mkongojo. Tukauliza, yule wa Migori yuko wapi? Yule waliyekula naye sahani moja? Tukaambiwa yuko mezani kwake, anatengeneza redio." Akacheka bila furaha. "Fundi wa redio, na hasikii redio?"

Ningekuwa mtu mwingine ningejibu upesi. Mimi nilitazama kikombe cha maji. Niliona wazi jinsi ilivyokuwa. Redio ilikuwa pale mezani, imefunguliwa kwa sauti ile ile iliyomchosha fundi cherehani, jina la rafiki yake likasomwa mbele ya kifua chake, naye akaendelea kukaza skrubu. Nikisema sababu, siri yake inatoka Magunga na kufika Migori kabla yangu. Nisiposema, kwa watu hawa atabaki kuwa mtu aliyeacha rafiki azikwe akiwa anahesabu transista. Mjomba aliweza kuishi na jina la kuringa. Hili la pili sikuona kama angeweza.

"Hasikii," nikasema.

"Nimeshasema hivyo mimi," mwanamume akajibu.

"Hasikii kweli. Masikio yake yamekufa. Anaficha. Hata sasa hajui kwamba mzee amefariki, ndiyo maana amenituma nimsalimie." Kisha machozi yakanitoka, na nikaona haya, na nikamalizia hivyo hivyo. "Anatengeneza redio kwa kutazama sindano ya mita, na mita imekufa."

Yule mama akaweka ungo chini. Aliposema, hakusema nami.

"Si unasikia?" akamwambia mwanawe. "Ni zile baruti."

Mwanawe akageukia kaburi.

"Nyathina," mama akanigeukia akiniita mtoto wangu, "walikuwa wanalipua jiwe chini kule na kuwarudisha ndani moshi ukiwa bado umesimama. Huyu wangu aliponioa alikuwa ananisikia nikinong'ona. Alipokufa nilikuwa namwita kwa kumrushia kokoto. Na ile mita! Aliipenda hiyo kuliko mimi. Nikimwambia ukweli wa mambo ya nyumba hii alisema subiri, kwanza nione sindano." Akacheka hadi akafuta macho kwa kanga. "Basi mpeni mtoto hiyo mita akaipe kazi."

Hapo mwanamume akajikuna shingo.

"Mama, mita tuliigawa."

Kwetu mtu akifa vitu vyake havishikwi hadi siku ya mgao, ule tunaouita keyo nyinyo, na siku hiyo kila mrithi anapata chake mbele ya wazee. Mgao wa huyu ulisimamiwa na mzee wa ukoo aliyechukia sana upendeleo. Majembe yalikuwa matatu na watoto wa kiume watatu, hapo hapakuwa na neno. Mita ilikuwa moja. Mzee akasema kitu cha thamani kisimwendee mmoja wengine wakimtazama, ifunguliwe. Wakaifungua. Mkubwa alipata sanduku. Alinionyesha, lilikuwa chini ya kitanda limejaa mbegu za mtama, na alilisifia kwamba panya hawajapata pa kuingilia. Wa pili, mvuvi, alipata kioo na sindano, akakitundika ukutani kwake, na watoto wa jirani walikuwa wakija kuuliza ni saa ngapi. Wa tatu, aliyeishi Homa Bay mjini, alipata zile chupa za kioo.

"Kila mtu alipata," mwanamume akasema. "Hakuna aliyelalamika."

Sikujua nicheke au niendelee kulia. Nilishika mkononi nyaya zake zilizobaki ndani ya sanduku, zimekatwa kwa panga, safi kabisa.

Nililala kwa yule mama. Asubuhi alijifunga kitambaa kichwani akasema twende wote Homa Bay, kwa sababu mkwe wake hawezi kumpa mgeni kitu cha marehemu kwa maneno matupu. Tulifika jua likiwa juu. Mwanawe wa tatu alikuwa kazini. Mkewe alitukaribisha kwenye chumba kimoja kilichojaa kabati la vioo. Ndani ya kabati mlikuwa na vikombe vya harusi, sahani zisizoliwa, na katikati, zimesimama juu ya kitambaa cha kufuma, kila moja ndani ya kikombe kidogo cha yai, vali mbili.

Namba zilikuwepo. Nilizisoma kupitia kioo cha kabati, moja moja.

"Mama, keti, nipike," mkwe akasema.

"Sikai sana. Jua likinikuta hapa utanilaza wapi? Mimi nilale nyumba ya mwanangu?" Jambo hilo kwetu haliwezekani, na mkwe alilijua. "Mpe huyu mtoto ile chupa kubwa ya baba."

Mkwe alifungua kabati lakini hakuitoa.

"Mama, hii ndiyo kumbukumbu yake. Wageni wote huniuliza. Nikiiondoa patabaki shimo."

Yule mama akaanza kukunja uso. Mimi nilikuwa na vali yetu iliyokufa ndani ya mfuko, imefungwa kwenye pamba. Nikaitoa nikaiweka mezani. Zilikuwa pacha, ila ya kwetu ilikuwa inang'aa zaidi, kwa ajili ya zile Ijumaa.

"Naweza kuacha hii," nikasema. "Lakini ni lazima nikwambie, hii imekufa."

"Na yangu ilikuwa inafanya nini?" akauliza.

Mama alicheka kwanza, kisha mkwe, na mimi nikajikuta nacheka nao. Nilimwomba ruhusa niijaribu ile yake. Nilikuwa na betri mbili za tochi na balbu yake. Nikagusa miguu miwili ya vali, ile ya uzi wa moto, balbu ikiwa katikati ya nyaya. Ikiwa uzi umekatika, balbu haiwaki. Mkwe na mama yake mkwe waliinama wote wawili, vichwa vikigusana, na balbu ikawaka hafifu, njano, kama macho ya paka.

"Kumbe iko hai," mkwe akasema, na kwa muda nilidhani atabadili nia. Lakini aliweka ile ya kwetu kwenye kikombe cha yai, akarudi nyuma kuitazama. "Hii ni nzuri zaidi. Sasa nitawaambia imeoshwa."

Kwenye stendi yule mama alinishika mkono.

"Mwambie mjomba wako aje. Akifika langoni aje analia, kama wengine walivyokuja. Machozi yake yamechelewa tu, deni lake halijafutwa."

Mjomba alikuwa mezani niliporudi. Nilimpa vali. Alisoma namba kwa sauti, akairudia, akaiandika ubaoni pa meza kwa kalamu ya risasi. Kisha akauliza, akiwa ameshaanza kufungua sanduku, "Na rafiki yangu naye anasemaje?"

Nilisogea hadi nikawa mbele yake kabisa. Nilisema kwa sauti ya kawaida, yangu, ndogo. Akaweka mkono nyuma ya sikio, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya watu.

"Anasemaje?"

Ilibidi nipaze sauti. Sijawahi kupaza sauti mjini kabla ya siku hiyo.

"Amefariki, mjomba! Mwaka wa pili! Walimtangaza redioni!"

Cherehani ya jirani yetu ikanyamaza. Mjomba alinitazama midomo hata baada ya mimi kuifunga. Aliirudisha vali ndani ya pamba, akafunga sanduku, akafunika meza kwa turubai mchana kweupe.

"Nyar nyamera," akaniambia, akiniita binti wa dada yake, "uliwaambia nilikuwa wapi wakati wa mazishi?"

"Niliwaambia husikii."

Akaketi kitini. Niliwaza kwamba atanikasirikia, na nilikuwa tayari. Lakini alikuwa anafikiri juu ya kitu kingine.

"Jina lake liliposomwa," akasema, "huenda nilikuwa nashikilia redio yenyewe."

Akaondoka kesho yake. Sikuandamana naye, kwa hiyo sijui aliingiaje lile lango wala walisemezana nini. Alikaa huko siku kadhaa. Fundi cherehani alikuwa amesikia yote siku ile, na alikaa kimya muda mrefu kwa mtu kama yeye, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo miaka yote nikimpigia kelele juu ya kelele, alikuwa hanisikii?" Nikamwambia alikuwa hasikii. "Mizaha yangu yote?" Nikamwambia yote. Alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli.

Mjomba aliporudi hakuvaa uso wa aibu. Sauti yake tu ilikuwa imekauka kwa kulia. Aliingiza vali, akawasha, tukasubiri. Vali ilichukua muda wake, kisha ikashika wekundu ndani ya kioo, na sindano ikanyanyuka kutoka pembeni, ikatetemeka, ikakaa kwenye sifuri yake.

Mteja wa kwanza alikuwa mama muuza omena, wale dagaa wa ziwa. Aliweka redio mezani na kuanza kueleza shida yake huku ameinama akitafuta kitu kwenye kikapu.

"Mama," mjomba akamkatiza, "nitazame ukiongea. Sisikii. Masikio niliyaacha mgodini."

Mama akainua kichwa. Fundi cherehani akaacha kukanyaga.

"Husikii? Sasa wewe ndiye wa kunitengenezea redio?"

"Ni mimi."

"Haya maajabu," akasema, lakini hakuichukua redio yake. Labda alitaka kuona.

Mjomba alifungua redio, akafunga nyaya kwenye spika. Kisha akaligeuza lile sanduku la bati, ambalo siku zote lilimtazama yeye, hadi kioo kikamwelekea mteja, na yeye mwenyewe akalazimika kuinamisha shingo ili aone. Redio ilikuwa inalia kwa mbali, sauti ya mtu ndani ya mtungi. Alizungusha skrubu kidogo. Sindano ikapanda, sauti ikakaribia.

"Ongeza," mama akasema, mdomo wake ukimwelekea mjomba.

Akaongeza. Ikapanda tena. Watu wawili watatu walikuwa wamesimama sasa.

"Ongeza tena!"

"Nikiongeza itaanguka."

"Utajuaje nawe husikii? Ongeza!"

Akazungusha kidogo, sindano ikalala, na sauti ikazama.

"Rudisha, rudisha, rudisha!" mama akapiga kelele, akigonga meza, na mjomba, akitazama midomo yake na kutabasamu, akarudisha.